Mstari Uliopita Ndalu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda kilima cha mnara wa runinga, nje kidogo ya mji wa Kitale, nikiwa nimebeba viatu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa tope tupu, na sikutaka Mhandisi Msimamizi anione nimechafuka. Alinikuta langoni nikijipangusa miguu kwa majani. Hakucheka. Alingoja nivae viatu, akanipeleka nyuma ya jengo ambako mnara wa chuma ulikuwa ukivuma kwa upepo, akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia ninaona mashamba ya mahindi, ninaona Mlima Elgon, ninaona mabati ya Kibomet kwetu, na mbali kabisa ninaona vilima vya upande wa Bungoma.

"Kila unachokiona kutoka hapa kinaweza kupata picha yetu," alisema. "Usichokiona, kiko kivulini. Hiyo ndiyo kazi yote. Mengine utasoma kwenye daftari."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa mkulima aliyehama upande wa Nyeri kuja kutafuta shamba Trans-Nzoia. Nyumbani tulikuwa na redio tu. Nilisimama pale nikitazama hewa, nikijaribu kuiona hiyo picha ikipita juu ya ng'ombe, juu ya wanawake waliokuwa wakianika mahindi, juu ya kanisa letu, bila kumgusa mtu wala kutoa sauti. Nimestaafu sasa, nimeyasoma mawimbi na nimeyafundisha, na bado nikipita chini ya mnara wowote huwa ninapunguza mwendo.

Kazi yangu ilikuwa ya karani wa mnara. Kila saa niliandika daftarini nguvu ya mawimbi kama sindano ilivyoonyesha, na picha ikikatika niliandika sababu: umeme, radi, na mara mbili nyuki waliohamia ndani ya dishi. Aliyenifundisha kusoma sindano ile ni Fundi Swaleh, kijana mpole aliyezaliwa karibu na msikiti wa Kitale, mtoto wa mshona nguo. Alikuwa na mazoea ya kuweka kiganja chake juu ya mtambo kama daktari anayepima homa ya mtoto. Alisema mtambo ukitaka kuharibika hutetemeka kwanza. Nilidhani ananitania, mpaka siku nilipoweka kiganja changu nami nikausikia ukitetemeka, na baada ya muda mfupi ukazima.

Miaka sita baadaye nilihamishiwa Nairobi, Ofisi ya Ratiba, kwa sababu Mhandisi Msimamizi aliandika kwamba karani wake anajua kila kijiji kinachopata picha Magharibi na kila kijiji kisichopata. Huko ndiko nilikojua mechi inavyofika kwenye runinga ya mtu.

Nitaeleza kwa ufupi, maana wajukuu wangu hudhani ilikuwa kubonyeza kitufe tu. Jumamosi moja inaweza kuwa na mechi nne kwa wakati mmoja, na shirika letu la utangazaji lina chaneli moja. Tulikuwa na ubao mrefu ukutani, na juu yake kadi: kila mechi kadi yake, ikiwa na uwanja, saa ya kuanza, na gari la matangazo litakalokwenda huko na kamera zake. Chini ya kadi tulipanga minara yote ya nchi. Kuipa minara mechi kuliitwa mgao. Mnara wa Pwani utapewa mechi hii, wa Nyanza ile, wa Magharibi nyingine. Robo saa kabla ya mpira kuanza, kila mnara uliacha vipindi vya kitaifa na kupokea mechi yake kutoka setilaiti. Muda huo tuliuita dirisha la kanda. Mpira ukiisha, madirisha yote yanafungwa na nchi inarudi kwenye habari zilezile.

Meneja wa Ratiba alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na hakupenda mpira. Labda ndiyo sababu aliifanya kazi ile vizuri. Wiki yangu ya kwanza nilimletea mgao nilioupanga kwa umbali, kila mnara ukipewa mechi ya uwanja ulio karibu nao. Aliurudisha bila kuusoma mpaka mwisho.

"Usiniambie mechi inachezwa wapi," alisema. "Niambie ni nani atalia ikikosekana."

Jumamosi hiyo alinichukua hadi chumba cha mitambo nikashuhudia dirisha la kanda likifunguliwa. Runinga nne zilikuwa ukutani, zote zikionyesha kipindi kimoja cha kilimo. Fundi wa zamu alihesabu kwa kurudi nyuma, akashusha mkono, na mkulima yule akapotea kwenye runinga zote nne kwa pamoja. Mahali pake pakaja viwanja vinne: kimoja chenye mvua, kimoja chenye jua kali, kimoja vumbi tupu, kimoja mashabiki wamepanda hadi juu ya miti. Nilifikiria mtu wa Mombasa na mtu wa Kitale, wote wamekaa mbele ya chaneli moja, dakika moja, kila mmoja akiona nchi yake. Hakuna kati yao aliyejua kwamba mtu fulani amekaa chumbani akamchagulia. Nilitoka nje nikanywa maji. Meneja alinifuata, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, ni kwamba sikujua kazi hii ni kubwa hivi. Alinitazama juu ya miwani, akasema ni vizuri nimeogopa, wasioogopa huwa wanakosea.

Nilikaa Nairobi muda mrefu kiasi cha kuolewa na kuzaa. Kisha shirika likafungua ofisi ya Magharibi mjini Bungoma, nikapelekwa kuwa Mratibu wa Kanda. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alipata uhamisho hadi Kitale, tukajenga Kibomet, nami nikawa ninakwenda Bungoma Jumatatu na kurudi mwisho wa juma. Katika mnara wa Kitale nilimkuta Swaleh, sasa ana mvi na cheo cha Fundi Mkuu, kiganja bado juu ya mtambo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nimelikalia kitako kuliandika.

Mwaka ule shirika lilikuwa linaonyesha ligi ya daraja la pili. Siku ya mwisho ya ligi mechi zote huanza saa tisa alasiri kwa pamoja, ili timu moja isicheze huku ikijua matokeo ya nyingine. Timu ya Bungoma ilihitaji ushindi ili ipande daraja. Timu ya Kitale ilihitaji angalau sare ili isishuke. Zote mbili zilikuwa zikicheza nyumbani, kwa wakati mmoja, na katika ubao wa Nairobi Kanda ya Magharibi ilikuwa na kadi moja tu.

Nilimpigia simu Meneja wa Ratiba. Alisema watu wa Magharibi ni hadhira moja, wapewe Bungoma, basi. Nikamwambia hadhira ni mbili. Tuna mnara Kitale na mnara Bungoma, kila mmoja unaweza kufungua dirisha lake, na tangu minara hiyo ijengwe haijawahi kuonyesha vitu tofauti kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuuliza. Nilimsikia akihamisha kadi ubaoni.

"Nitakupa magari mawili ya matangazo," alisema mwishowe. "Chora mstari wako, Muthoni. Nani anapata nini. Ukikosea, usinipigie simu Jumamosi. Niletee barua Jumatatu."

Barua aliyoisema ni ya kuacha kazi. Tuliifahamu sote wawili.

Nilichukua ramani ya mipaka ya kaunti nikapitisha penseli juu yake. Trans-Nzoia, Kitale. Bungoma, Bungoma. Ilinichukua dakika tano, nikajiona hodari. Nikampelekea Swaleh kilimani aitazame. Aliiangalia akaniuliza kwa upole kama mawimbi yanaijua kaunti. Akaweka kidole juu ya Ndalu.

Ndalu ni soko la wakulima upande wa Tongaren, ndani ya Bungoma. Lakini kutoka kilimani kwetu Ndalu unaiona kwa macho, hali mnara wa Bungoma uko mbali nayo na ardhi imeinuka katikati. Swaleh alisema antena zote za huko hutazama Kitale, kwa kuwa ndiko picha inakotoka bila chenga kiooni, na kwa kuwa minara yote ilikuwa ikionyesha kitu kimoja, hakuna aliyejali. Jumamosi hii ingekuwa tofauti. Watu wa Bungoma wangewasha runinga zao na kuona Kitale ikicheza.

"Na unajua kipa wa Bungoma ni mtoto wa wapi?" Swaleh aliniuliza.

Nilijua. Kila mtu alijua. Wafula wa Ndalu.

Alhamisi tulikwenda huko kwa gari la shirika, tukiwa na runinga ndogo, betri, na kipima-mawimbi cha mkono. Sikuwahi kuitazama nchi kama nilivyoitazama siku ile. Juu ya kila paa kulikuwa na antena, na zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja, mamia kwa mamia, nyumba za mabati na za nyasi, maduka, kanisa, kituo cha afya. Swaleh alisema zimepanga safu kama watu wanaoswali. Mimi nilihisi kama nimeingia mahali ambapo kila mtu ananitazama. Miaka yote nilikuwa nimeandika "Ndalu" kwenye karatasi, na kumbe Ndalu ilikuwa imetuelekea namna ile, usiku na mchana, ikingoja tutakachoipa.

Tulisimama sokoni tukawaeleza watu. Ukigeuza antena itazame Bungoma, na ukiinua mlingoti, picha inaweza kushika. Mwenye hoteli alikuwa wa kwanza kukubali. Walileta mti wa mkaratusi, wakaufunga antena nchani, wanaume wanne wakausimamisha huku mmoja ndani akitazama runinga.

"Imeshika?"

"Bado. Si mzungushe kidogo."

"Sasa je?"

"Ati sasa naona mtu, lakini hana kichwa, bana."

Walipopata kichwa, soko zima lilikuja kuona. Kufikia jioni, kila uliposimama ulisikia nyundo, na safu ile ya antena ilikuwa imevunjika, moja moja zikigeuka kuelekea Bungoma.

Swaleh alitaka kujua picha inaishia wapi. Tukaendelea kupima boma kwa boma hadi sindano ikalala kabisa kwenye bonde. Boma la mwisho lililopata chochote lilikuwa juu ya mwinuko, la Mzee Barasa. Tulibisha hodi kabla ya kujua kwamba ndiye baba yake Wafula.

Mama Wafula alitukaribisha kwa chai. Tulipomweleza tulichokuja kufanya, aliweka birika chini. Hakuwa amemwona mwanawe akicheza hata siku moja. Mzee Barasa aliingia kutoka shambani, akatusikiliza amesimama, jembe begani.

Habari yao tuliijua baadaye kwa ukamilifu, lakini nitaiweka hapa. Wafula alikuwa chuo cha ualimu. Babu yake alikuwa mwalimu, na Mzee Barasa mwenyewe alishindwa kuwa mwalimu kwa kukosa shule, kwa hiyo nia yake yote aliiweka kwa huyu mtoto. Mwaka wa pili Wafula aliacha chuo akaenda kudaka mipira. Mzee alimwambia asirudi nyumbani bila cheti. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Jina la kijana halikutajwa mezani, na mama alizungumza naye kwa simu akiwa kisimani.

"Hapa tunaangalia Kitale," Mzee Barasa alituambia. "Antena iko sawa. Asanteni, madam."

Swaleh alianza kukusanya vyombo. Mimi nilikuwa na maneno mengi, ila nilimwona Mama Wafula akitazama sakafu nikaona si mahali pangu. Nilisema tu kwamba Jumamosi nitakuwa Ndalu kukagua upokezi, na kwa kuwa boma lake ndilo la mwisho kwenye ramani yangu, nitapita niandike kama picha imefika. Alisema njia ni ya kila mtu.

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo. Swaleh alikuwa kilimani Kitale. Mimi nilikuwa Ndalu na daftari na simu. Saa nane na dakika arobaini na tano nilikuwa mlangoni pa hoteli ya sokoni. Ndani walikuwa wamebanana hadi dirishani. Kipindi cha kilimo kilikatika, runinga ikawa nyeusi, na kwa sekunde kama tatu nikaiona barua yangu ya Jumatatu imeandikwa tayari. Kisha uwanja wa Bungoma ukatokea, na kelele iliyopanda pale ilinitoa machozi. Swaleh alinipigia kwamba Kitale wanaona Kitale. Ofisini Bungoma walinipigia kwamba Kabuchai, ndani ya Bungoma, wanaona Bungoma. Mstari ulikuwa umesimama. Haukuwa na ukuta wala waya, ulipita katikati ya mashamba ya mahindi ya watu, na huku wanaona hiki na kule wanaona kile.

Nilipanda hadi kwa Mzee Barasa kwa miguu. Upepo ulikuwa umeanza. Nilipofika nilimkuta nje ya nyumba ameukumbatia mlingoti wa antena kwa mikono miwili.

Alikuwa ameugeuza mwenyewe uelekee Bungoma. Alikuwa amezifungua waya zilizoushikilia, na shimo lake lilikuwa limepanuka, kwa hiyo kila upepo ulipovuma mlingoti ulizunguka, naye akaurudisha. Dirisha lilikuwa wazi. Mama Wafula alikuwa ndani, akimwambia imeshika au imepotea. Kutoka pale aliposimama Mzee asingeweza kuona runinga. Alisikia tu.

Nilimsalimu, nikamwambia nina waya kwenye mkoba, tunaweza kuufunga sasa hivi kisha aingie akae.

"Acha, mama," alisema. Hakunitazama. "Ukifungwa, nitakosa cha kufanya hapa nje."

Basi nikakaa juu ya gogo karibu naye. Nilikuwa na daftari la ukaguzi, nikaandika saa na neno "imefika", halafu sikuandika tena.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Mzee hakuuachilia mlingoti hata wakati wa mapumziko. Alibadilisha bega tu. Cha pili kilipokuwa kimekwenda kidogo, mtangazaji alipandisha sauti na Mama Wafula akaja dirishani amejishika kichwa. Ilikuwa penalti dhidi ya Bungoma. Mzee Barasa aliuliza ni nani anapiga, mama akasema hamjui, ni mrefu. Nilimwona Mzee amefumba macho, paji la uso limegusa mti. Sauti ya kwanza tuliyoisikia ilikuwa ya soko, kule chini, ikipanda mlima kutufikia, na nyuma yake sauti ya mama akiita jina la mtoto wake. Wafula alikuwa ameudaka. Mlingoti ulimponyoka Mzee na picha ikapotea, mama akalalamika, Mzee akairudisha.

Ingekuwa mimi ndiye niliyeandika mechi ile, ningeimaliza hapo. Lakini dakika za mwisho kabisa, Bungoma walipokuwa wamepanda wote kutafuta bao la ushindi, walishambuliwa kwa nyuma. Mtangazaji alisema bao, bila furaha. Mama Wafula hakuja dirishani.

"Ni nini?" Mzee aliuliza.

"Wamemfunga."

"Na yeye?"

"Amekaa chini. Amekaa tu hapo golini."

Mzee Barasa akanigeukia, na ndiyo mara ya kwanza siku ile aliponitazama usoni.

"Mama, njoo ushike hapa. Usiuache uzunguke."

Niliacha daftari kwenye gogo nikaushika mlingoti. Ulikuwa na joto mahali mikono yake ilipokuwa. Aliingia ndani. Niliubana kwa kifua na kwa mikono, na kila upepo ulipousukuma niliusukuma. Nilikuwa Mratibu wa Kanda. Alasiri ile mechi mbili zilikuwa zikionyeshwa kwa sababu ya mstari wangu, mitambo ya tani kadhaa ilikuwa ikiunguruma juu ya vilima viwili, setilaiti ilikuwa mahali pake huko juu. Na yote hayo, kwa mtu huyu mmoja, yalikuwa yakitegemea mikono yangu iwe imetulia. Sijawahi kushika kitu kwa uangalifu namna ile, hata mtoto mchanga.

Ndani sikusikia maneno. Nilisikia kiti kikivutwa. Baadaye filimbi ya mwisho.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Aliuchukua mlingoti kutoka kwangu, akanishukuru, akasimama pale ingawa hapakuwa tena na haja ya kuushika.

"Amekuwa mtu mkubwa," alisema. "Sikujua amekuwa mkubwa hivyo."

Bungoma haikupanda daraja mwaka ule. Kitale ilipata sare yake ikabaki, na nilipofika Kibomet jioni ile majirani walikuwa barabarani wakipiga masufuria, mume wangu mmoja wao. Sikumweleza nilikotoka mpaka siku kadhaa zilipopita.

Jumatatu nilimpigia simu Meneja wa Ratiba mwenyewe, nikimwambia sitaleta barua. Aliniuliza mstari ule niliuchoraje, nikamweleza kuhusu antena, jinsi tulivyotembea tukitazama zimeelekea wapi. Alitaka nimpelekee kwa maandishi. Miezi michache baadaye Ofisi ya Ratiba iliacha kutumia ramani ya kaunti, ikaagiza kila kanda itembee ijue watu wake wanatazama wapi. Hakunisifu, na sikuwa nimetarajia anisifu.

Kuhusu Wafula, mama yake alinipigia wakati wa kuvuna mahindi, akasema kuna watu watatu shambani badala ya wawili. Wafula hakurudi chuoni. Alidaka misimu mingine mitano, na sasa anafundisha makipa wa shule. Mzee Barasa huwaambia watu mwanawe ni mwalimu.

Baadaye ukaja mfumo wa dijitali. Mitambo ya zamani ilizimwa, Swaleh akaweka kiganja chake juu ya ule wa Kitale kwa mara ya mwisho na kukiacha hapo mpaka ulipopoa. Visimbuzi vilileta chaneli nyingi, kisha simu zikaleta zote. Nilimaliza miaka yangu nikipanga ratiba kwa kompyuta ambayo ilijua kila kitu isipokuwa ni nani atalia. Leo mjukuu wangu amekaa jikoni anaangalia mechi moja, dada yake sebuleni anaangalia nyingine, hakuna mtu aliyewachagulia, na hakuna mlima unaowawekea kivuli. Silalamiki. Nikimtazama mtoto akiwa na uwanja mzima kiganjani ninashangaa vilevile nilivyoshangaa kilimani.

Kuna jambo moja ambalo nililiona aibu kulisema nilipokuwa kazini. Kwa kuwa mechi zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi nilikuwa kazini, nilipanga mamia ya mechi bila kuketi uwanjani hata mara moja. Nilipostaafu, mume wangu alinipeleka Bungoma, tukakaa katikati ya watu kwenye jua. Mwanzoni nilipotea. Hapakuwa na wa kuniambia nitazame wapi. Mpira ulikuwa mdogo, uwanja mkubwa kuliko nilivyowahi kuuandika kwenye kadi, na mbele yangu kuna mtu ananyonyesha na mwingine anamenya miwa. Mama aliyekaa kando yangu aliniuliza mimi ni wa timu gani. Maisha yangu yote kazi haikuniruhusu kuwa na timu.

Nilikuwa bado ninatafuta la kumwambia wakati nyavu zilipotikisika upande wa mbali. Sijui ni nani aliyefunga. Nilijikuta nimesimama, mikono juu, ninapiga kelele pamoja nao wote.